Kwa nini ukigusa mashine ya petroli, ya mota nayo inabadilika?

*"Mwalimu, habari ya kazi. Nachora mashine za kukata majani ya ng'ombe katika karakana moja hapa Kariobangi Light Industries, na natumia SolidWorks, programu ya kuchora mashine kwenye kompyuta. Mashine ni moja lakini wateja wanaitaka kwa namna nyingi. Kuna wa mota ya fezi moja, wa fezi tatu na wa injini ya petroli. Wengine wanataka magurudumu, wengine miguu ya kufungwa kwenye saruji. Wengine wanataka majani yatokee chini, wengine yarushwe juu kwa bomba. Asembli yangu, yaani faili inayounganisha vipande vyote, sasa ina konfigureshoni 12, moja kwa kila namna ya mashine, na bosi anataka tuongeze injini ya dizeli. Shida ni kwamba nikirekebisha mashine moja, nyingine zinabadilika bila mimi kujua. Juzi orodha ya vipande ilionyesha puli ya mota kwenye mchoro wa petroli. Fundi akaitia bushi ili iingie kwenye shafti ya injini, akafunga. Mwenzangu ananishauri nifute konfigureshoni zote, ninakili folda mara 12, kila mashine iwe na faili zake. Nifanye hivyo?"*

Ndugu yangu, kabla hatujagusa faili nakuuliza kwanza: mashine hiyo yenye puli ya mota iko wapi sasa? Kama bado iko karakana, isiwashwe. Kama imeshaenda, mpigieni mteja simu leo hii, aiache hadi mmbadilishie puli. Mota ya nguzo nne za sumaku kwenye umeme wetu wa hezi 50 huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika ikiwa kazini. Injini ndogo ya petroli ikipewa mafuta yote hukaribia 3,600. Puli ikiwa ile ile, gurudumu la visu linakwenda mara 2.5 ya mwendo uliokusudia. Nguvu inayovuta kisu kitoke nje hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo bolti zinazoshika visu zinabeba mzigo wa zaidi ya mara sita ya ule uliozipangia. Na anayesimama kwenye mdomo wa kulishia ni mama wa Githunguri au kijana wake, ambaye hajawahi kusikia neno konfigureshoni.

Nimeanza hapo kwa sababu wachoraji wengi huona jambo hili kuwa la usafi wa faili tu. Likivuka kutoka kwenye skrini hadi kwenye chuma, ni la usalama wa watu.

Sasa swali lako. Usinakili folda mara 12. Najua mwenzako anakutakia mema, na nitaeleza mbele ni lini ushauri wake ni sahihi. Lakini kwanza tuelewe kinachotokea ndani ya faili, maana hofu yako inatokana na picha isiyo sahihi ambayo wengi wetu tulianza nayo.

Wengi hudhani kila konfigureshoni ni nakala ya mashine iliyowekwa kwenye chumba chake, kama nyumba za ploti zilizopangana. Katika jibu hili nitaziita sura, kwa sababu ndivyo zilivyo: mashine ni moja na sura zake ni nyingi. Faili inahifadhi maelezo ya mashine mara moja tu, yaani vipande vyote, vipimo vyote, na vifungo vyote vinavyoshikanisha uso huu na ule. Kando yake kuna jedwali. Kila mstari wa jedwali ni sura moja, na kila safu ni uamuzi mmoja: kipande hiki kipo au kimezimwa, kipimo hiki ni ngapi, asembli ndogo hii inatumia sura yake ipi. Ukibofya jina la sura, programu inasoma mstari wake na kuijenga mashine upya kulingana nao. Kitu kisicho na safu kwenye jedwali hakina uamuzi, kwa hiyo ni cha sura zote.

Ukilishika hilo, mengi yanayokusumbua yanajieleza. Tuseme ulibadilisha nafasi ya shimo ukiwa kwenye sura ya petroli. Kisanduku cha kipimo kilikuwa na uchaguzi mdogo pembeni: sura hii tu, sura zote, au sura utakazozitaja. Hukuugusa, ukabonyeza sawa, nao ukabaki kwenye "zote". Programu haikukuasi. Jifunze kuuangalia uchaguzi huo kila mara, kama dereva anavyoangalia kioo kabla ya kuhama njia kwenye Barabara ya Outer Ring. (Wanaotumia Inventor, programu nyingine ya kuchora, wana jambo hilo hilo kwa umbo jingine. Tangu toleo la 2022, mchoraji huchagua kama badiliko ni la "kiwanda" chote, yaani sura zote, au la "mwanachama" mmoja, yaani sura moja, na ajali zao zinafanana kabisa na zako.)

Hali ya pili ni kipande kipya. Ukiingiza injini ya dizeli leo, huenda ukaikuta imejitokeza hata kwenye mashine za mota. Kwenye sifa za kila sura kuna mpangilio unaosema vipande vipya vizimwe katika sura hiyo. Uwashe kwenye sura zote zilizokamilika kabla hujaleta dizeli. Ni kazi ya dakika tano, na itakuokolea siku nzima ya kuzima bolti moja moja.

Ya tatu ndiyo iliyokuletea puli. Kila mwonekano kwenye mchoro unaelekezwa kwa sura moja, kwa jina. Jedwali la orodha ya vipande nalo lina uelekeo wake, na si lazima ufanane na wa mwonekano. Nina hakika ulichukua mchoro wa mota, ukaelekeza mwonekano kwenye petroli, picha ikabadilika vizuri, na orodha ikabaki inasoma sura ya mota. Picha ilisema ukweli, orodha ikasema mengine, na fundi alifuata orodha. Alipoona puli haiingii alitafuta bushi, kwa sababu karatasi yenye sahihi yako ilimwambia puli ni hiyo. Naomba umweleze kwamba siku nyingine kipande kikikataa kuingia, akuite kwanza.

Lipo pia kosa ambalo hukulitaja, na nalijua kwa uchungu: kuficha kipande badala ya kukizima. Kilichofichwa hakionekani kwa macho, lakini kwa programu bado kipo. Uzito wake unahesabiwa, vifungo vyake vinafanya kazi, na orodha ya vipande inaweza kukitaja. Kilichozimwa kimetolewa kwenye hesabu pamoja na vifungo vyake. Nilipokuwa kijana katika karakana moja ya Eneo la Viwanda, nilificha magurudumu kwenye sura ya mashine za miguu nikaridhika na picha. Mnunuzi alifuata orodha, akaleta magurudumu ya mashine kumi ambazo hazikuwa na mahali pa kuyafunga. Pesa ile ilikuwa ya mishahara. Tangu siku hiyo naficha kipande ninapotaka kuona kilicho nyuma yake tu, na nikimaliza nakirudisha.

Tuje kwenye mpangilio wenyewe, na hapa nataka tutulie, kwa kuwa ndipo penye dawa.

Sura zako 12 zimetoka wapi? Nguvu za aina 3, misingi ya aina 2, njia za kutolea majani za aina 2: tatu mara mbili mara mbili. Ukiongeza dizeli zinakuwa 16. Bosi akija na magurudumu ya trela, zinakuwa 24. Zikiwa zote kwenye asembli kuu, na kila moja inaamua juu ya kila bolti, hakuna binadamu atakayezisimamia. Shusha maamuzi chini. Tengeneza asembli ndogo ya nguvu yenye sura 4, asembli ndogo ya msingi yenye sura 2, na ya kutolea yenye sura 2. Hapo unatunza mistari 8. Gurudumu la visu, shafti yake, beringi na mdomo wa kulishia viwe kiini kisicho na sura nyingi kabisa. Asembli kuu haibishani tena na bolti, inachagua tu: nguvu ya petroli, msingi wa magurudumu, kutolea juu.

Swali gumu ni kipi kikae ndani ya asembli ndogo ipi. Kanuni yangu ni kwamba vinavyobadilika pamoja vikae pamoja, hata kama kwenye mashine vimekaa mbali. Chukua puli zako. Tuseme unataka gurudumu la visu lizunguke mara 720 kwa dakika, na puli yake ni ya milimita 300. Kwa mota ya 1,440 unahitaji puli ya milimita 150. Kwa petroli ya 3,600 hesabu inakupa milimita 60, na hapo ndipo wengi huanguka: puli ya mkanda wa saizi B haipendekezwi kushuka chini ya takriban milimita 125, na ya saizi A, iliyo nyembamba zaidi, chini ya 75. Mkanda ukikunjwa zaidi ya hapo unachoka upesi na kuteleza. Kwa hiyo kubadilisha puli ya injini peke yake hakutoshi. Ama utumie mikanda ya A kwa puli ya 75 kwenye injini na 375 kwenye gurudumu, ukihakiki idadi ya mikanda kwa nguvu ya injini, ama ununue injini yenye giaboksi ya kupunguza mwendo. Vyovyote utakavyochagua, puli ya gurudumu nayo imebadilika. Mchoraji wa kawaida angeiacha kwenye kiini, kwa sababu imefungwa kwenye shafti ya visu. Wewe iweke kwenye asembli ya nguvu, pamoja na mikanda, kinga ya mikanda, bamba la kukalia injini na bolti zake. Ukichagua petroli, vyote vije kwa mkupuo mmoja, pasiwe na njia ya kupata injini ya petroli na puli ya mota kwenye sura moja.

Angalia pia upande wa mzunguko. Mota ya fezi tatu ikizunguka kinyume unabadilishana nyaya mbili kati ya tatu na mambo yanakwisha. Injini ya petroli ina upande wake mmoja tu. Huenda ikabidi ikae upande mwingine wa fremu, na hilo nalo ni uamuzi wa asembli ya nguvu.

Huenda pia unaona vifungo vikigeuka vyekundu, yaani vimeshindwa kushika, kila unapobadilisha mota. Dawa ni hii: usifunge mota kwa uso wa mguu wake. Programu huutambua kila uso kwa alama yake ya ndani, na uso wa mota nyingine si uso ule hata kama kwa macho wanafanana kama mapacha. Tengeneza kwanza kiunzi: mhimili wa shafti ya injini, bapa la chini panapokaa mguu, na bapa la katikati ya mkanda. Kisha kila mota na kila injini ipewe mhimili na mabapa yenye maana hiyo hiyo, na ufunge bapa kwa bapa, mhimili kwa mhimili. Kila mota iwe na vifungo vyake, ambavyo huzimika nayo inapozimwa.

Utauona umuhimu wake ukitazama vipimo. Mota ya fezi tatu ya kilowati 2.2 ya nguzo nne, kwa viwango vya kimataifa vya umeme vya IEC, ina umbo la saizi iitwayo fremu 100L: kimo cha shafti milimita 100, mashimo ya miguu 160 kwa 140, shafti ya 28. Ya kilowati 5.5 ni 132S: kimo 132, mashimo 216 kwa 140, shafti ya 38. Mhimili umepanda milimita 32 na mashimo yametanuka. Kama kinga ya mikanda imefungwa kwa uso wa mota ya kwanza, haitajua iende wapi. Mota za fezi moja mara nyingi hazifuati ulinganifu huo wa nguvu na fremu, kwa hiyo ipime yenyewe dukani kabla ya kuchora bamba. Injini za dizeli nazo zinatofautiana sana mwendo, kwa hiyo soma kibao cha injini bosi aliyoichagua kabla hujakadiria puli.

Ukishapanga hivyo, acha kubofya sura moja moja. Tumia jedwali la Excel ambalo programu inalisoma moja kwa moja, ambamo mistari ni sura na safu ni vipande. Herufi S kwenye safu ya hali inasema kipande kimezimwa, R inasema kipo. Mtu asiyejua SolidWorks kabisa anaweza kulisoma, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Lichapishe, ukae na fundi mkuu, mpitie mstari kwa mstari. Majina ya sura yawe ya kueleweka, "PETROLI-GURUDUMU-JUU" na si "Mpya2". Na ukibadilisha jina la sura, fungua kwanza michoro inayoitumia, la sivyo mchoro utalitafuta jina la zamani na kulikosa.

Sasa nimtendee haki mwenzako. Kunakili kuna mahali pake. Mteja mmoja akitaka mashine ya ajabu ambayo hutaiuza tena, mpe faili zake, usizichafue faili kuu. Vilevile mashine mbili zikiwa zimetengana hadi kiini chenyewe hakifanani, kuzilazimisha zikae faili moja ni mateso. Dizeli yenu inaweza kufika huko kama ni nzito kiasi cha kudai fremu nyingine kabisa. Lakini usinakili kwa kuburuta folda kwenye Windows. Majina ya faili yatafanana, asembli mpya inaweza kuendelea kuvuta vipande vya folda ya zamani, na SolidWorks haikubali kufungua faili mbili tofauti zenye jina moja kwa wakati mmoja. Tumia Pack and Go, amri ya SolidWorks ya kunakili asembli pamoja na vipande vyake, uvipe vipande majina mapya hapo hapo. Na ujue gharama yake: siku mtakapogundua kwamba nyumba ya beringi inapasuka, mtarekebisha faili 12, na moja mtaisahau.

Njia ya sura nyingi nayo ina gharama zake. Faili inanenepa, kwa kuwa kila sura unayoifungua inaweza kuacha umbo lake ndani ya faili. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo italemewa. Badiliko moja baya linagusa mashine nyingi kwa mara moja. Kwa karakana yenu naona bado ndiyo njia bora, ilimradi mtu mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kugusa kiini. Mkiwa wachoraji wawili au zaidi mnaofungua asembli ile ile, msiendelee kwa flash disk na WhatsApp. Mwiteni fundi wa muuzaji wenu wa programu awapangie hifadhi inayomfungia mmoja wakati mwingine anafanya kazi.

Zipo pia nyakati ambazo jibu la maandishi halitoshi. Kama ukiifungua asembli yako unakuta makumi ya vifungo vyekundu na huelewi kilianza kipi, tafuta mtu aketi kando yako kwa siku nzima. Wahadhiri wa uhandisi mitambo wa Technical University of Kenya au wa chuo kikuu cha JKUAT pale Juja ni watu wa kuwaendea, ukiwa na laptopu yako na michoro iliyochapishwa. Na kila sura inayobadilisha mwendo wa visu au uzito wa injini, usiitoe bila mhandisi aliyesajiliwa na Engineers Board of Kenya kukagua bolti za visu, shafti na kinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai sehemu hatari za mashine zizingirwe, na hata bila sheria hiyo, mkono ukiingia kwenye visu vile haurudi.

Anza na asembli ya nguvu peke yake, na sura mbili tu, mota ya fezi tatu na petroli. Zikikubali kubadilishana mara kumi bila kifungo kimoja kugeuka chekundu, ongeza ya fezi moja, halafu dizeli. Kisha chapisha orodha ya vipande ya kila moja, uhakikishe jina la sura lililoandikwa juu ya orodha ndilo lililo chini ya mwonekano, na umpelekee fundi yule aliyetia bushi. Mwombe azisome mbele yako, kipande kwa kipande, kabla chuma chochote hakijakatwa.